Vyumba, fremu au apatimenti? Ulinganisho kwa anayetaka kupangisha Dar es Salaam

Mtu akipata milioni hamsini au sitini Dar es Salaam, iwe ni mafao, mkopo wa SACCOS au hela ya shamba lililouzwa kijijini, wazo la kwanza ni nyumba ya kupangisha. Wazo lenyewe si baya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao wanalala kwenye nyumba ya mtu mwingine. Wapangaji wapo. Kinachowaangusha wenye nyumba ni kuchagua kwa kutazama pango la mwezi peke yake: jirani anapata laki tatu kwa fremu, mimi navuta laki mbili kwa chumba na sebule, basi na mimi nijenge fremu. Hakuna anayeuliza kinabaki nini baada ya TRA, baada ya miezi ambayo nyumba ilikaa tupu, na baada ya fundi bomba.

Nalinganisha njia tatu ambazo watu huniuliza sana: vyumba vya kujitegemea, fremu za biashara, na apatimenti. Ya nne, nyumba za kulala kwa siku, nitaigusa kidogo. Niseme mapema nilipo: kwa mwenye kiwanja chake na mtaji wa wastani, vyumba vya kujitegemea bado vinashinda, na sheria za miaka hii ya karibuni zimezidi kuvipa nguvu. Lakini wapo ambao kwao jibu ni lingine, na ningependa wajitambue kabla hawajanunua tofali la kwanza.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndizo zilizobadilisha hesabu

Kiasi cha pango hakuna anayekupangia. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei, miezi ya kulipa mbele na muda wa kukaa ni makubaliano ya watu wawili chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Mwenye nyumba akitaka miezi sita, anataka. Mpangaji akiweza, analipa.

Mambo yalikobadilika ni kwenye kodi za serikali. Zamani mtu binafsi aliyepanga nyumba ya kuishi hakuwa na wajibu wa kukata kodi ya zuio. Kazi hiyo ilikuwa ya makampuni na wafanyabiashara. Sheria ya Fedha ya 2022 ikaondoa nafuu hiyo. Sasa mpangaji yeyote anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, na kama mwenye nyumba si mkaazi wa Tanzania kikodi, ni asilimia 15. Mtaani hili lilileta ugomvi mkubwa, maana wenye nyumba wengi walilitafsiri kwamba mpangaji aongeze asilimia 10 juu ya pango lake. Si hivyo. Kodi ni ya mwenye nyumba, mpangaji ni mkono wa kukusanyia tu. Pango likiwa laki mbili, elfu ishirini inakwenda TRA kwa jina lako, wewe unapokea laki na themanini. Na ukumbuke inakatwa kwenye pango zima, kabla hujatoa gharama za ukarabati. Anayetaka laki mbili kamili ibaki mkononi atangaze pango la kama 222,000 tangu siku ya kwanza, wala asimwongezee mtu njiani baada ya kuhamia.

Kodi ya majengo nayo ilihamia kwenye LUKU mwaka 2021. Baada ya viwango kupandishwa 2023, nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, na ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu. Anayedaiwa kisheria ni mwenye jengo, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Mwenye nyumba mwungwana humrudishia mpangaji hela hiyo au huipunguza kwenye pango, na huiandika kwenye mkataba. Elfu kumi na nane kwa mwaka haitakufilisi, lakini mpangaji akiona unaikwepa atahesabu na mengine.

Kuna ushuru wa stempu wa asilimia moja ya pango la mwaka kwenye mkataba. Wengi hawaulipi kwa kuona hauna maana, hadi siku wanapofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kuambiwa mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi.

Mwaka 2025 ukaleta mawili. Tarehe 28 Machi zilianza Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo kwa dola kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Mikataba iliyokuwepo ilipewa muda wa mpito. Mwezi Julai ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na udalali wa nyumba na viwanja umo. Kila moja ya hizi inagusa njia fulani kuliko nyingine, na ndiyo maana ulinganisho wa mwaka 2018 haukufai tena leo.

Vyumba vya kujitegemea

Nazungumzia uniti ndogo ndani ya fensi moja: chumba na sebule, jiko dogo, choo na bafu ndani, kila moja na mlango wake. Sizungumzii nyumba ya zamani ya vyumba sita, korido katikati na choo cha uani. Ile ilikuwa na zama zake, na Manzese, Tandale na Mbagala bado inakaliwa sana, lakini kwa anayejenga leo ni kujinunulia kesi.

Chukua mfano wa hesabu, uweke namba zako mwenyewe. Umejenga uniti nne kwa milioni 60 kwenye kiwanja ambacho tayari ni chako, kila moja unapangisha 200,000. Kwa mwaka mzima ni milioni 9.6. Toa mwezi mmoja mtupu kwa kila uniti, maana watu huhama, inabaki milioni 8.8. Kodi ya zuio ni 880,000, inabaki milioni 7.92. Toa laki sita za rangi, mabomba na vitasa, toa 18,000 ya majengo, unabaki na kama milioni 7.3. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 12 ya ulichoweka, na mtaji unarudi baada ya miaka minane hivi.

Kinachofanya njia hii iwe imara ni kwamba hatari yake imegawanyika. Mmoja akihama, watatu wanalipa. Aliyepoteza kazi hawi ndiye mpangaji wako pekee. Na mteja wa chumba na sebule hakosekani: mwalimu aliyehamishwa, kijana aliyeanza kazi benki, wanandoa wapya, mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kulala karibu na mwendokasi.

Mahali ni muhimu kuliko vigae. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mpangaji anayefanya kazi mjini anapima nyumba kwa dakika za kutembea hadi kituoni. Awamu za Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta zimeusambaza mtindo huo huo. Treni ya SGR iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024 imewafanya watu waiangalie Pugu kwa jicho jingine. Uniti nne ndani ndani Goba, mahali ambapo bodaboda ya mvua ni elfu tatu, zitakaa tupu wakati uniti za kawaida kabisa karibu na Kimara Korogwe zina watu wanaosubiri. Wanaotaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi wanajenga Changanyikeni na Makongo. Pango lake ni zuri, ila likizo ndefu inakula miezi yako, kwa hiyo mkataba uwe wa mwaka mzima wa masomo.

Sasa umeme. Kama kuna jambo moja tu utalichukua kwenye maandishi haya, liwe hili: kila uniti na mita yake ya LUKU. Nimesimamia nyumba za wapangaji zenye mita moja, na ugomvi wake haubadiliki. Kila Jumamosi mmoja anapita mlango kwa mlango kukusanya elfu tano tano. Mama wa chumba cha pili ana friji, kijana wa chumba cha nne ana taa moja na redio, wa tano anapigia pasi nguo za wateja. Kijana anagoma. Umeme unakatika Jumapili saa mbili usiku, simu inakuja kwako, na wiki ijayo anayehama ni yule kijana, mpangaji asiye na kelele na anayelipa kwa wakati. Mita ndogo za ndani, zile submita, zinasaidia kidogo lakini bado kuna anayesoma namba na kuna asiyemwamini. Kuvuta mita nne wakati wa ujenzi ni gharama ya mara moja. Ukishakuwa nazo, fuatilia ili kodi ya jengo moja isikatwe kwenye mita zote nne.

Maji ni hivyo hivyo, ingawa si makali kama umeme. Tangi kubwa la pamoja na bili ya DAWASA iliyogawanywa kwa uniti huwa inavumilika. Kisima cha maji chumvi peke yake kinafukuza wapangaji.

Halafu kuna suala la miezi ya mbele. Madalali wamewazoesha wenye nyumba kuona miezi sita ni heshima na mitatu ni njaa. Nakumbuka mazungumzo ya mama mmoja mwenye nyumba Tabata na binti aliyekuja kuona chumba:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekipenda?"

"Nimekipenda. Ila naomba nilipe miezi mitatu mitatu. Sita kwa mshahara wangu siwezi, lakini mitatu sitakukosesha."

"Mbona dalali aliniambia unayo sita?"

"Dalali hakuniuliza, mama."

Mama alimpa chumba, na alifanya vizuri. Mpangaji wa miezi sita aliyekopa ili alipe sita atakusumbua mwezi wa saba. Mtu anayeanza maisha akidaiwa pango la miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali anahitaji hela ya pango la miezi saba kwa mkupuo kabla hajanunua hata godoro. Huo si uungwana, na kibiashara haukusaidii kitu, kwa sababu unawakosa walipaji wazuri na kubaki na wenye hela ya leo.

Fremu

Hapa niwe mkweli: kwa hesabu tupu, fremu inaweza kuwashinda wote. Haina choo cha ndani cha kuziba, haina jiko, mpangaji mwenyewe ndiye anayepaka rangi na kuweka shelfu. Tuseme fremu nne kwa milioni 40, kila moja 250,000. Mwaka mzima ni milioni 12. Hata zikikaa tupu miezi mitatu kila moja, unapata milioni 9, unatoa kodi ya zuio 900,000, matengenezo laki mbili na ile 18,000, unabaki na kama milioni 7.9. Ni karibu asilimia 20 ya gharama ya kujenga.

Kwa nini basi siwaambii watu wote wajenge fremu? Kwa sababu hesabu hiyo imeficha kiwanja. Chumba kinaweza kukaa mtaa wa tatu kutoka barabarani na bado kikapata mtu. Fremu isiyoonekana na wapita njia ni stoo. Kiwanja cha kugusa barabara yenye watu ni bei nyingine kabisa, na ukiijumlisha, ile asilimia 20 inashuka hadi chini ya vyumba. Kwa hiyo fremu ni ya mtu ambaye kiwanja chake tayari kiko barabarani. Anayenunua kiwanja leo ili ajenge fremu anashindana na watu wenye mitaji ya Kariakoo.

Na barabara yenyewe ina wenyewe. Waulize waliokuwa na majengo kandokando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, ambako hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Alama nyekundu ya X ilipakwa kwenye nyumba, maduka, hata vituo vya mafuta, na tingatinga zikapita. Kabla hujachimba msingi wa fremu, nenda TANROADS au TARURA kutegemea barabara ni ya nani, uliza hifadhi inaishia wapi, na urudi na majibu ya maandishi. Maneno ya mwenyekiti wa mtaa kwamba "hapa hawafiki" hayatazuia tingatinga.

Kuna na ujenzi wa barabara. Barabara ya Kilwa, Nyerere na Bagamoyo zote zimepita kwenye miaka ya vumbi, mitaro na mabati wakati njia za mwendokasi zikijengwa. Mwenye chumba nyuma ya barabara hizo alilalamikia vumbi. Mwenye fremu alipoteza wapangaji, kwa sababu mteja hakuweza kuegesha wala kuvuka.

Kisheria fremu ina mizigo zaidi. Kiwanja kilichopimwa kama makazi kinahitaji kibali cha kubadili matumizi kabla ya kuwa cha biashara. Pango la makazi limesamehewa VAT, la biashara halijasamehewa, kwa hiyo mwenye majengo mengi aliyesajiliwa VAT anaongeza asilimia 18 juu ya pango la fremu. Kodi ya zuio nayo kwenye fremu haina kona ya kujificha: mpangaji wako ni mfanyabiashara mwenye TIN, akikadiriwa na TRA ataulizwa analipa pango kiasi gani na kwa nani. Wenye fremu walioandika laki moja kwenye mkataba huku wakipokea laki tatu wameumbuliwa na wapangaji wao wenyewe, maana mpangaji anataka gharama yake halisi itambuliwe.

Kwa Kariakoo kuna kilemba, ile hela ya kuingilia ambayo mpangaji anayetoka humwuzia anayeingia. Ukiwa mwenye jengo, andika kwenye mkataba kwamba fremu haiwezi kukabidhiwa kwa mtu mwingine bila idhini yako ya maandishi. Usipoandika, utashangaa kumkuta kwenye jengo lako mtu usiyemjua, aliyelipa mamilioni kwa mtu aliyeondoka, na anayeamini ana haki kuliko wewe. Jambo jingine la huko: tangu ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, sioni kisingizio cha kumruhusu mpangaji avunje ukuta au achimbe chini kupanua stoo bila mhandisi na kibali. Pango la ziada la laki mbili halilingani na hilo.

Apatimenti

Kwa miaka mingi apatimenti ya Masaki, Oysterbay, Upanga au Mikocheni ilikuwa na mvuto mmoja mkuu, nao ni dola. Ulinunua kwa dola, ukapangisha kwa dola kwa mfanyakazi wa ubalozi au wa kampuni ya gesi, na shilingi ilipoyumba wewe ulikuwa umetulia. Kanuni za Machi 2025 zimeiondoa ngao hiyo. Balozi na mashirika ya kimataifa yana nafasi yake kwenye kanuni, lakini mwenye nyumba wa kawaida na mpangaji wa kawaida wanaandikiana shilingi. Hata kabla ya hapo dola yenyewe haikuwa na uhakika ulivyodhaniwa: mwishoni mwa 2024 ilishuka kutoka karibu shilingi 2,700 hadi karibu 2,400 kwa muda mfupi, na waliokuwa wakilipwa kwa dola waliona pango lao likipungua kwa shilingi.

Kinga iliyobaki ni kifungu cha nyongeza kwenye mkataba: pango lipande kwa asilimia fulani kila mwaka, kwa shilingi, iandikwe tangu mwanzo. Kuandika "shilingi sawa na dola mia tano" ni kuikimbia kanuni kwa mlango wa nyuma, na sikushauri.

Hesabu ya apatimenti moja ya kununua huwa inawashtua watu. Tuseme milioni 150, pango milioni moja kwa mwezi. Toa mwezi mtupu, milioni 11. Kodi ya zuio milioni 1.1. Hela ya huduma ya jengo, yaani mlinzi, lifti, jenereta na usafi, tuseme laki na nusu kwa mwezi, ni milioni 1.8. Matengenezo laki tano. Kabla hata ya kodi ya majengo, unabaki na milioni 7.6, ambayo ni asilimia tano na ushei. Hati fungani za serikali za miaka 20 na 25, yaani hela unayoikopesha serikali, zimekuwa zikilipa kuponi, riba yake ya mwaka, ya tarakimu mbili, na haziombi fundi wa lifti. Apatimenti basi inanunuliwa na anayetegemea thamani ya nyumba ipande, au anayetaka mahali pa kuishi mwenyewe baadaye. Kama unakopa benki kwa riba ya tarakimu mbili ili upate asilimia tano, acha kwanza.

Upande wake mzuri upo, na kwa watu fulani ni mkubwa. Sheria ya 2008 inayohusu umiliki wa sehemu ya jengo inakupa hati yako ya uniti, inayouzika na kuwekeka rehani, tofauti na kiwanja cha mauziano ya serikali ya mtaa kisichopimwa. Jengo lina uongozi, kwa hiyo hupigiwi simu usiku kwa sababu bomba la jirani limepasuka. Mtanzania aliye Muscat au London, asiye na ndugu wa kumwamini na funguo, atalala usingizi kuliko mwenye vyumba kumi Kigamboni vinavyosimamiwa na binamu. Ila uhakikishe hati za uniti zimeshatoka, na usiridhike na ahadi ya "zinashughulikiwa". Na kama hukai nchini, ile asilimia 15 badala ya 10 iingie kwenye hesabu yako.

Msimamizi au dalali unayemkabidhi awe raia. Tangu amri ya Julai 2025, asiye raia anayefanya udalali wa nyumba anajiweka kwenye faini na kifungo, na raia anayemsaidia hayuko salama pia.

Nyumba za kulala kwa siku

Uniti ile ile ya laki mbili kwa mwezi ukiiwekea kitanda kizuri, kiyoyozi na intaneti unaweza kuipangisha elfu hamsini kwa usiku. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba umeacha kuwa mwenye nyumba, umekuwa mwenye nyumba ya wageni: leseni, kumbukumbu za wageni, kufua mashuka, hesabu za mapato ya biashara, na VAT ukifikia kiwango, kwa sababu malazi hayamo kwenye msamaha wa makazi. Watu wengi sasa wanajenga kwa kuitazama AFCON 2027, ambayo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Mashindano ni ya wiki chache. Jengo ni la miaka arobaini. Fanya kama unaishi jirani na kazi ya wageni unaipenda, vinginevyo pita.

Nani achague nini

Una kiwanja chako ndani kidogo ya mtaa, kiko karibu na usafiri, una milioni thelathini hadi themanini, na unaishi Dar: jenga uniti za kujitegemea, anza na mbili, pango lake lisaidie kumalizia nyingine. Kama kiwanja kiko bondeni mwa Msimbazi au mto mwingine wowote, usijenge chochote. Mita 60 kutoka mtoni zimelindwa na sheria ya mazingira, na mafuriko hayasubiri sheria.

Kiwanja chako kinagusa barabara yenye watu, hifadhi ya barabara umeithibitisha kwa maandishi, na matumizi yameruhusu biashara: weka fremu mbele na vyumba nyuma. Mchanganyiko huu naupenda kuliko fremu tupu, kwa sababu biashara ikidorora mwaka mmoja, watu bado watalala.

Una hela kubwa lakini huna muda wala mtu wa kumwamini: nunua apatimenti yenye hati, kwa hela yako na si ya mkopo. Na kabla hujalipa, itazame hati fungani vizuri.

Una hela kidogo, huna kiwanja, na kila mtu anakuambia ununue Kigamboni au Chanika "kabla bei hazijapanda": kiwanja peke yake hakilipi pango. Kibada na Mjimwema zimekua tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, ndiyo, lakini mpangaji wa huko anahesabu pia tozo ya kuvuka daraja kila siku. Hesabu kama yeye kabla hujampangia bei.

Njia yoyote utakayoshika, andika mkataba hata kama sheria inakuruhusu makubaliano ya mdomo kwa upangaji usiozidi mwaka mmoja. Taja pango, nani anapeleka asilimia 10 TRA na nani anatunza risiti, kodi ya majengo inarudishwaje, notisi ni ya muda gani. Pale ambapo mkataba haujataja muda wala notisi, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha malipo, na notisi haipungui kipindi hicho. Mpangaji akishindwa kulipa usimfungie kufuli wala kutoa vyombo vyake nje. Kuna notisi, kuna Baraza la Kata ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha, na kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lenye uwezo wa kuamua. Mwenye nyumba aliyetoa godoro la mtu barabarani hufika pale akiwa mdaiwa, hata kama pango la miezi minne ni haki yake. Mkataba huo upeleke ukalipiwe stempu wiki ile ile ulipotiwa saini, wakati bado mnaongea vizuri na mpangaji wako.